Saa Ndani ya Programu ya Ziwa Kivu
Ghuba ya Bukavu ina kina cha mita 100 hivi tu. Mtafiti wa chuo cha ISP Bukavu akishusha kipimo chake hapo atajua joto na oksijeni ya maji ya ghuba, lakini hatapata habari za metani nyingi iliyolala chini ya beseni kuu, ambako ziwa hushuka hadi mita 485. Anayelitafuta tabaka linaloizuia gesi hiyo isipande, sharti aende kaskazini, ateremshe kamba hadi mita 260 hivi, na aanze kusoma hapo.

Programu zinazoliiga ziwa zina vilindi vyake pia. Simstrat, iliyoandikwa kwa Fortran na kutumiwa na watafiti wa Eawag, Uswisi, kulichunguza Kivu, huligawa ziwa matabaka toka juu hadi chini, ikahesabu joto, chumvi na msukosuko wa kila tabaka, hatua kwa hatua, hadi miaka ipite. Kompaila ikishayageuza maandishi hayo kuwa lugha ya mashine, nani ataona kazi inakwama wapi? Kwenye milinganyo? Kwenye kusoma takwimu za upepo na jua? Au kwenye kuandika matokeo?

Kukisia ni hatari. Mwaka 1971 Donald Knuth alichunguza programu za Fortran akakuta kwamba, kwa kawaida, chini ya asilimia 4 ya programu hula zaidi ya nusu ya muda wake. Mwaka 1982 Susan Graham, Peter Kessler na Marshall McKusick wa Berkeley walitoa gprof, chombo cha kupima muda wa programu unaliwa wapi. Programu hukompailiwa kwa alama ya -pg. Ikiendeshwa, huchunguliwa mara 100 kila sekunde, kuona iko kwenye kazi ipi.

Lakini gprof huandika faili lake, gmon.out, programu inapomalizika salama. Na Bukavu umeme hukatika! Hesabu ya saa tisa ikizimika katika saa ya nane, vipimo vyote vimepotea.

Dawa yake ni swichi iliyomo ndani ya programu yenyewe. Amri moncontrol(0) husimamisha upimaji, moncontrol(1) huurejesha, ila faili bado husubiri mwisho. Maktaba ya gperftools inafaa zaidi kwa mji wenye umeme wa kubahatisha: ProfilerStart hufungua upimaji, ProfilerStop huufunga na kuandika faili papo hapo, huku hesabu ikiendelea. Kwa Callgrind, chombo kingine cha upimaji, swichi husaidia sana, kwani chombo hicho huipunguzia programu kasi kwa makumi ya mara.

Pa kuiweka swichi ni uamuzi wa anayelijua ziwa: kabla ya kitanzi cha msukosuko, na si kabla ya kusoma takwimu. Na dirisha la upimaji lisiwe jembamba mno. Nusu sekunde huleta sampuli 50 tu, kwa hiyo kitanzi huachwa kizunguke dakika nzima, sampuli 6,000, ndipo ProfilerStop iitwe.