Chai ya Kiwanda Kimoja: Ladha ya Vilima vya Kisii na Nyamira

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, ambako shamba la chai aghalabu ni kipande kidogo kilichobanwa baina ya migomba, mahindi na boma la ng'ombe, hulipati kwa urahisi lile shamba kubwa la tajiri mmoja ambalo wanunuzi wa ng'ambo hupenda kulitaja wanapoisifu chai njema. Kinachoshika mahali pake huku ni kiwanda: majani ya maelfu ya wakulima jirani huingia mlango mmoja, na chai itokayo hupelekwa mnadani Mombasa kwa jina la kiwanda hicho, liwe Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyankoba, Nyansiongo au Kiamokama. Jina hilo ndilo nasaba ya chai, nayo nasaba hufia mnadani, kwa kuwa wenye kuchanganya chai, wawe Pakistani, Misri au Uingereza, huitia pamoja na nyingine hata mnywaji asijue ilikotoka. Nionavyo mimi, chai hii yastahili kunywewa peke yake, na mwenye kujua yanayolipata jani tangu linapochumwa ataifaidi maradufu.

Chukua jani bichi la mchai ulisugue kwa vidole: utasikia harufu kama ya nyasi zilizofyekwa, wala hutasikia chai. Lishike kitambo kidogo, utaona palipovunjika pakigeuka hudhurungi, na hapo umekwisha kuishuhudia siri yote ya chai nyeusi. Ndani ya seli za jani mna katekini, chungu na zisizo na rangi, zilizotengwa na kimeng'enya ambacho, maadamu jani ni zima, hakizifikii. Jani likivunjwa, viwili hivyo hukutana penye hewa, na kwa muda wa saa moja hivi katekini huungana zikawa theaflavini, zenye rangi ya dhahabu na ukali mchangamfu ulimini, kisha thearubijini, zenye wekundu na uzito. Kazi hiyo ikikatizwa mapema, chai hubaki na ukakasi mbichi. Ikicheleweshwa, theaflavini hupungua na kikombe hupooza. Joto la tanuri la kukaushia, linaloacha unyevu wa takriban asilimia 3, ndilo linalokiua kimeng'enya na kuikomesha kazi yake.

Viwanda vyetu hulivunja jani kwa mashine za rola zenye meno, ambazo hukata, kupasua na kusokota kwa mpigo mmoja, na ambazo asili yake ni Assam, Bara Hindi, katika miaka ya 1930. Njia hii hutoa chembe ndogo zenye kukolea upesi na kutoa rangi nyingi, lakini hupoteza sehemu ya manukato; kwa hiyo atakayetafuta katika chai ya Nyamira harufu ya maua ya Darjeeling atakuwa anaidhulumu. Fadhila yake ni mng'ao, nguvu, na ule uchangamfu unaoamsha kinywa.

Hata hivyo manukato hayakosi, na mtaalamu Philip Owuor, aliyeichunguza chai ya Kenya kwa miaka mingi, alibainisha kwamba harufu tamu za maua huzidi zile za majani mabichi kadiri shamba linavyopanda juu ya usawa wa bahari, ambako baridi hulikuza jani polepole. Alibainisha pia kwamba mbolea nyingi ya naitrojeni, pamoja na kuchelewa kurudia kuchuma, huishusha daraja ya harufu hiyo. Basi mkulima anayeng'ang'ania majani mawili na chipukizi, akaacha yaliyokomaa ingawa yangeongeza kilo, anatengeneza ladha kabla kiwanda hakijaligusa jani.

Hapo pana jambo la kuudhi. Kwa miaka mingi chai ya mashariki ya Bonde la Ufa imepata bei bora Mombasa kuliko hii ya magharibi, na kila bonasi ya wakulima ikitangazwa manung'uniko husikika. Wako wanaousingizia udongo, lakini udongo wetu mwekundu hauna aibu. Mimi natazama zaidi gunia: jani lililoshindiliwa na kungoja lori kituoni hadi jioni hupata joto na michubuko, kimeng'enya kikaanza kazi pasipo msimamizi, na hakuna fundi awezaye kuyarudisha yaliyopotea humo.

Ama kuhusu kuonja, kanuni ya kimataifa ya waonjaji ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, kwa dakika 6, kikombe kikiwa kimefunikwa. Ivute chai hiyo kwa mdomo kwa kelele, adabu ya mezani iwekwe kando, ili hewa ipandishe harufu nyuma ya pua. Ule mkauko utakaousikia kwenye ufizi watokana na polifenoli kuzishika protini za mate. Ndiyo sababu maziwa, ambayo yana protini zake za kushikwa, huilainisha chai. Kisha iache ipoe: chai njema huingia ukungu wa rangi ya maziwa ingawa hukuyatia, kwa kuwa theaflavini na kafeini zimeshikana, nao waonjaji huupokea ukungu huo kwa furaha.

Simkatazi mtu chai ya maziwa iliyochemshwa sufuriani, nami huinywa kila asubuhi. Lakini wewe msomaji, ukipita Kebirigo au Nyansiongo, uliza chai ya kiwanda cha hapo, ununue robo kilo, na kikombe cha kwanza ukinywe kavu, bila maziwa wala sukari.