Hedifoni za bei nafuu: Usidanganywe na kishindo

MSOMAJI, huenda nawe umewahi kusimama mbele ya duka la vifaa vya elektroniki katika barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, mwuzaji akakuvisha hedifoni hata kabla hujauliza bei. Anabonyeza simu yake, besi inapiga hadi meno yanatetema, naye anakutazama usoni akitabasamu. "Umesikia hiyo, mzee?" anakuuliza. Unaitikia kwa kichwa. Unatoa pesa.

Mimi nilifanya hivyo. Binti yangu alikuwa ameingia mwaka wa pili chuoni, na masomo mengi yakawa yanaletwa kwa simu: mhadhara umerekodiwa, mwanafunzi aketi nyumbani asikilize. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili. Mdogo wake anataka katuni, mama yake anataka habari, na jirani wa ghorofa ya juu ana redio isiyozimwa. Nikaona dawa ni zile hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote na zilizofungwa kwa nyuma. Nilitoa Sh900, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Siku ya pili tu aliniambia, "Baba, mwalimu anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa." Muziki ulinguruma vizuri, lakini maneno ya mhadhara hayakushikika. Akawa anaongeza sauti ili ayapate. Jioni moja mama yake alisimama hatua mbili nyuma yake akamwita mara tatu, wala hakugeuka. Alipozivua, alisema masikio yake yanalia kama mbu.

Hapo ndipo nilipotanabahi kwamba nilikuwa nimenunua hasara ya pesa na hatari ya masikio kwa mkupuo mmoja. Je, mtu wa kipato cha kawaida atajuaje hedifoni nzuri akiwa dukani, bila mashine wala utaalamu? Inawezekana, bora usiwe na haraka.

Kilichomo ndani

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna spika ndogo. Ina sumaku, koili ya waya mwembamba sana, na utando mwepesi unaotikisika na kusukuma hewa kuelekea sikioni. Kazi hii haijabadilika sana tangu Mmarekani John Koss alipowaonyesha watu hedifoni zake za stereo mwaka 1958, au tangu Walkman ya Sony ilipotoka mwaka 1979 na kuwafanya vijana wa dunia nzima watembee na muziki wao.

Hedifoni zilizofungwa nyuma huzuia sauti isitoke nje, na kelele ya nje isiingie kwa wingi. Ndiyo maana zinafaa katika matatu, maktabani, na katika chumba kinachokaliwa na wanafunzi wanne. Lakini kuna gharama yake. Hewa iliyofungiwa ndani ya kikombe ina nguvu, na plastiki ikiwa nyembamba, kikombe chenyewe huanza kuvuma kama debe tupu. Besi huvimba na kuyafunika maneno. Lile pipa alilolisikia binti yangu lilikuwa kikombe kinachovuma.

Jambo la pili ni mito ya masikioni. Besi hukaa ndani iwapo tu mto umeshika vyema pande zote za sikio. Ukiacha upenyo mdogo, besi hutoroka na sauti hubaki kavu. Kwa hivyo zijaribu ukiwa jinsi ulivyo kila siku. Kama unavaa miwani, usiivue. Kama umesuka nywele au unavaa hijabu au kilemba, zivae hivyo hivyo. Kisha ubonyeze vikombe polepole kwa viganja huku muziki ukicheza. Sauti ikibadilika sana na besi ikaongezeka ghafla, jua kwamba mito hiyo haikushiki. Hedifoni zinazomfaa rafiki yako zinaweza zisikufae wewe.

Bei si shahidi

Kuna wanaosema kuwa suluhisho ni kununua ghali. Hao nao wanakosea. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la chama cha wanasayansi wa sauti cha Marekani matokeo ya kupima hedifoni 283 za aina mbalimbali. Alilinganisha bei ya kila moja na jinsi inavyotoa sauti nene, za katikati na nyembamba. Hakuona uhusiano wowote wa maana baina ya mambo hayo mawili. Pesa zinaweza kukununulia ngozi laini, chuma badala ya plastiki, au jina kubwa, lakini sauti nzuri haifuati bei kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Namba zilizoandikwa kwenye kasha nazo si za kutegemewa sana. Utaona imeandikwa kuwa hedifoni inatoa sauti kuanzia hezi 10 hadi 22,000. Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban hezi 20 hadi 20,000, na la mtu mzima hupungukiwa huko juu kadiri umri unavyosonga. Namba hizo hazikuambii kama sauti zote zinatoka kwa usawa au kama besi imezipiku nyingine. Ni sawa na kuambiwa kwamba hoteli fulani inapika vyakula mia moja. Hujaambiwa kama vimeiva.

Vivyo hivyo kwa ukubwa wa spika. Milimita 50 haizishindi milimita 40 kwa kuwa kubwa tu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Masikio yako ndiyo mizani

Nenda dukani na simu yako mwenyewe, ikiwa na vitu vitatu ulivyovihifadhi. Usikubali kupimiwa kwa wimbo wa mwuzaji. Yeye ameuchagua kwa kuwa una kishindo, nawe huujui, kwa hivyo huwezi kujua kilichokosekana.

Kitu cha kwanza ni sauti ya mtu anayezungumza, kwa mfano taarifa ya habari au mhadhara wenyewe. Sauti hiyo isikike katikati ya kichwa, isielemee kushoto wala kulia. Sikiliza herufi zinazopulizwa. Je, unatofautisha "saba" na "shaba"? Je, "fika" na "Thika" ni maneno mawili au yamekuwa moja? Sauti za f, th, s na sh ni nyembamba, na hedifoni yenye besi iliyovimba huzimeza kwanza. Kwa upande mwingine, kama kila s inachoma kama sindano, hizo nazo zimezidisha sauti za juu na zitakuchosha katika nusu saa.

Kitu cha pili ni wimbo wenye ala nyingi unaoujua kwa moyo. Benga au rumba hufaa sana. Lifuate gitaa la besi peke yake. Kila noti inapaswa kuanza na kukoma, ipande na kushuka, uweze kuipiga kwa mdomo. Ukisikia mngurumo mmoja tu usiobadilika, "bum, bum, bum", hiyo si besi bali ni kikombe kinachovuma. Kisha yafuate magitaa ya juu yanapojibizana. Ukiweza kuyatenga moja na jingine, kazi ni nzuri. Kama wewe ni mpenzi wa taarabu, sikiliza kama fidla inabaki fidla pindi waitikiaji wanapoingia.

Kitu cha tatu ni wimbo wa polepole, wenye sauti ya mwimbaji na ala moja au mbili tu. Huo utakuonyesha kama sauti ya binadamu ni ya kawaida au inatoka puani.

Jihadhari na mtego mmoja. Ukilinganisha hedifoni mbili, ile inayopiga kwa nguvu zaidi hudhaniwa kuwa bora, hata kama tofauti ni ndogo. Wauzaji wanalijua hilo. Rekebisha sauti hadi zote mbili zisikike sawa, tena kwa kiwango cha chini, ndipo uamue. Hedifoni nzuri hueleweka hata ikinong'ona.

Mwisho zivae kwa dakika 10 bila muziki wowote. Je, honi za barabarani zimepungua? Je, kichwa kinabanwa? Je, masikio yanatoa jasho? Aliye Mombasa au Kisumu atalijali hili la jasho kuliko aliye Limuru.

Thamani ni miezi, si siku ya kununua

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipokaa na kalamu, nilijionea mwenyewe. Zile hedifoni za Sh900 zilikufa upande mmoja baada ya miezi minne. Nikanunua nyingine za aina ile ile, kisha za tatu. Kwa miezi 13 nilikuwa nimetoa Sh2,700, yaani karibu Sh208 kila mwezi, na nyumbani sikuwa na hedifoni.

Za nne nilizinunua kwa Sh3,200 baada ya kuzijaribu kwa njia niliyokueleza. Baadaye nilibadilisha mito kwa Sh400 na waya kwa Sh300. Zilidumu miaka minne. Jumla ni Sh3,900, sawa na takriban Sh81 kwa mwezi. Ipi rahisi?

Kwa hivyo chunguza vitu vinavyoharibika mapema. Waya hukatika karibu na pini au pale inapoingia kwenye kikombe. Itikise hapo huku sauti ikicheza, na ukisikia mikwaruzo, rudisha mezani. Waya inayochomoka ni akiba kubwa kwa kuwa utabadilisha waya peke yake. Tofauti hii huweza kuwepo hata katika familia moja ya hedifoni. Kwa mfano, katika hedifoni za Audio-Technica zilizotoka mwaka 2014, waya ya ATH-M20x haichomoki, lakini ya ATH-M40x huchomoka. Uliza pia kama mito ya badala inapatikana, kwani ngozi bandia hubanduka magamba hata kama spika bado nzima. Kunja na kukunjua bawaba mara kadhaa. Dai risiti, na uulize ukirudi na kasoro utapokewa vipi.

Ukiona jina kubwa likiuzwa kwa robo ya bei inayojulikana, usishangilie. Bidhaa ghushi zimejaa sokoni, na kasha linaweza kuigwa hadi herufi ya mwisho. Ni heri jina dogo ulilolijaribu kwa masikio kuliko jina kubwa la kuazima.

Na zile zisizo na waya? Ni nzuri kwa anayetembea, lakini sehemu ya pesa zako imelipia betri na mitambo ya bluetooth, na betri hiyo siku moja itachoka. Ukiweza, chagua yenye tundu la waya pia. Simu nyingi za siku hizi hazina tundu la hedifoni, kwa hivyo hakikisha una kiunganishi kinachofaa kabla hujalipa.

Sikio halina duka

Mzazi, haya yote yana uzito kuliko muziki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema zaidi ya vijana bilioni moja wamo katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa. Kipimo chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila sauti ikipanda kwa desibeli tatu, muda wa usalama hupungua nusu. Ikifika desibeli 90, ni saa nne tu kwa juma nzima. Mwanafunzi anaweza kuzimaliza kwa siku moja.

Hapo ndipo unapoona umuhimu wa hedifoni inayofunga vyema na kutamka wazi. Ikizuia kelele ya matatu, mtoto hana haja ya kuishinda kelele hiyo kwa kuongeza sauti. Ikitoa maneno bila kuyameza, atayasikia kwa sauti ya chini. Mfundishe asipitishe asilimia 60 ya sauti ya simu, apumzishe masikio kila baada ya muda, na azivue kabisa anapovuka barabara. Masikio yakilia baada ya kusikiliza, hilo ni onyo, na mlio usipokwisha apelekwe kwa daktari. Chembechembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti hazioti tena zikishakufa.

Binti yangu alimaliza chuo akitumia zile za nne. Siku hizi nikimwita kutoka jikoni huitika mara ya kwanza, ingawa wakati mwingine hujifanya hajasikia akijua kuna vyombo vya kuosha.

Basi siku utakapovishwa hedifoni tena pale barabarani, na besi ikapiga hadi meno yakatetema, tabasamu umrudishie mwuzaji. Kisha toa simu yako, weka taarifa ya habari, punguza sauti, na usikilize kama "fika" bado si "Thika". Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikio la kufa ndilo lisilosikia dawa, lako wewe bado li hai.