Baba Anapofungwa Njia ya Mbegu

Wababa wengi wakisikia habari hii wanafikiri mara moja mbuzi dume anayekatwa mapumbu ili anenepe. Sharti tuanze hapo, maana woga ule unawarudisha nyumbani hata mbele ya kuuliza. Mbuzi ananyang'anywa mapumbu yenyewe. Baba hanyang'anywi kitu. Toka kila pumbu kuna njia nyembamba inayopeleka mbegu. Munganga anaikata na kuifunga, kuume na kushoto, basi. Pumbu linabaki mahali pake, nalo linaendelea kutuma katika damu homoni inayompa mwanaume ndevu, sauti nzito na tamaa. Mbegu bado zinatengenezwa, lakini mwili wenyewe unaziyeyusha. Maji ya kiume yanatoka kama zamani, kwa sababu karibu yote yanatoka katika tezi zilizo jirani na kibofu. Bibi hataona tofauti.

MBELE YA OPERESHENI

Ni heri bwana na bibi waje pamoja. Tutawauliza mna watoto wangapi. Tutauliza na neno gumu: mtoto mmoja akifa, mtatamani mwingine? Kama mnasita, msifanye sasa. Sindano, vidonge, kitanzi, vyote vinaweza kuachwa. Lakini operesheni hii ni ya maisha. Kuunga njia tena ni kazi ngumu, ya bei kubwa, na mara nyingi mimba haipatikani. Hakuna mtu mwenye ruhusa ya kukulazimisha, wala mkubwa wa kazi, wala mchungaji, wala sisi wauguzi. Hata ukiwa juu ya meza unaweza kusema hapana.

Munganga atakupima. Kama kuna vidonda, usaha, au pumbu limevimba, atatibu kwanza. Umwambie pia kama damu yako haikauki upesi. Siku yenyewe oga na sabuni, vaa nguo ya ndani safi yenye kubana.

SIKU YENYEWE

Hulazwi usingizi. Unapigwa sindano ya kuua maumivu pale pale, inachoma kidogo. Kisha utasikia kuvutwa, pengine mpaka tumboni, lakini si kukatwa. Ni kazi ya nusu saa, au chini yake. Wanganga wengine hawatumii kisu. Wanatoboa tundu dogo tu, jinsi munganga Li Shunqiang wa China alivyoanza mwaka 1974. Unapumzika kidogo, unarudi nyumbani siku ile ile. Usiendeshe kinga wala pikipiki.

NYUMBANI

Pumzika siku mbili, na kidonda kisipate maji. Kwa maumivu meza paracetamol, usimeze aspirini kwani inazidisha damu. Ngozi ikigeuka rangi ya buluu, usiogope. Juma moja usibebe magunia, usisukume chukudu. (Bibi, umsaidie, lakini mwisho wa juma akiendelea kulala kitandani, huo si ugonjwa tena!) Lakini ukiona homa, usaha, damu isiyokoma, au uvimbe unaokua, rudi hospitali upesi, hata usiku.

MIEZI MITATU YA HATARI

Hapa ndipo nyumba zinapovunjika. Baba anafikiri amekwisha kufungwa, kumbe mbegu zilizokuwa mbele ya fundo zingali ndani. Maumivu yakiisha anaweza kulala na bibi yake, lakini kwa muda wa miezi mitatu sharti watumie kapoti, ao bibi aendelee na sindano yake. Bibi akipata mimba katika muda ule, mtoto ni wa baba. Asimfukuze, asimpeleke mbele ya wazee kwa uzinzi. Hata nyuma yake, mara chache sana, njia zinajiunga zenyewe: chini ya mwanamke mmoja kati ya 100 kwa mwaka wa kwanza, ikiwa maji ya bwana yamepimwa. Kwa hiyo bibi akikosa damu ya mwezi, wote wawili waje, na maji yapimwe tena mbele ya kusema neno.

Tena, fundo halizuii sida wala magonjwa mengine ya zinaa.

Miezi mitatu ikitimia, leta maji ya kiume katika chupa safi tutakayokupa. Usiyalete ndani ya kapoti, maana nyingine zina dawa ya kuua mbegu. Yafike laboratwari asubuhi ile ile. Usiache kapoti mpaka tumekuambia kwamba katika mikroskopi hakuonekani mbegu hata moja.