Namba Mbili za Simu Yako

  Fungueni madaftari yenu, mshike kalamu. Leo kusoma na kuandika kutatufanyia kazi yenye faida: kuilinda simu ya mkononi ili ikiibiwa isimfae mwizi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza samaki sokoni. Wateja wake humlipa kwa simu, na fedha za kununulia samaki wa kesho zimo humo humo. Siku moja, katika msongamano wa watu, anatia mkono mkobani. Simu haimo! Afanye nini? Wengi wetu husikitika, kisha tukaanza kutafuta fedha za kununua nyingine. Lakini kuna njia ya kumzuia mwizi. Tuifahamu.

Simu ina namba mbili. Ya kwanza mnaijua, ndiyo mnayopigiwa. Namba hiyo ni ya laini, yaani ile kadi ndogo iliyomo ndani. Mwizi akiitoa kadi yako na kutia yake, namba yako imeondoka.

Namba ya pili ni ya chombo chenyewe. Hutiwa kiwandani, nayo haiondoki pamoja na kadi. Ni kama chapa ya ng'ombe: ng'ombe akihamishwa zizi, chapa huenda naye. Namba hiyo ina tarakimu 15. Tarakimu 8 za mwanzo zaonyesha aina ya simu. Tarakimu 6 zinazofuata ni za simu hiyo moja tu. Ile ya mwisho husaidia kujua kama namba imeandikwa sawasawa.

Sasa tazameni kazi yake. Simu ikiwashwa, huzungumza na mnara wa mtandao. Mtandao huweza kuiuliza, "Chombo hiki ni namba gani?" Kisha huilinganisha namba hiyo na orodha ya vyombo vilivyozuiwa. Ikiwa imo, simu hiyo haipokelewi. Mwizi abadili laini mara kumi, haimfai kitu. Ni sawa na mtu anayebadili kofia mbele ya bawabu anayeijua sura yake.

Pengine mtauliza, "Je, mwizi akihamia kampuni nyingine ya simu?" Swali jema. Ndiyo maana yahitajiwa rejesta moja kwa makampuni yote. Katika Tanzania, rejesta hiyo imewekwa na Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Watu wengi waliiona nguvu yake usiku wa tarehe 16 Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima. Kenya nayo ilizizima simu bandia mwaka 2012. Kwa njia hiyo hiyo ya namba, simu iliyoibiwa huzuiwa pia.

Basi, ukiibiwa fuata hatua hizi:

Kwanza, azima simu ya jirani uipigie kampuni yako upesi. Waambie waifunge laini na akaunti ya fedha. Usingoje kesho, maana fedha huhamishwa kwa dakika chache.

Pili, nenda polisi ukatoe taarifa ya upotevu, nawe upewe karatasi yake.

Tatu, peleka karatasi hiyo kwenye kampuni yako, pamoja na kitambulisho chako na namba ya chombo. Omba chombo kizuiwe. Kufunga laini peke yake hakutoshi, kwa sababu mwizi atatia laini nyingine.

Nne, omba laini mpya yenye namba yako ya zamani.

Je, mmeona jambo lililo gumu? Katika hatua ya tatu utaulizwa namba ya chombo, na chombo kimekwisha kwenda! Anayeijua namba ni yule aliyeiandika mapema. Kwa hiyo tuiandike sasa. Bonyezeni nyota, reli, sifuri, sita, reli, yaani *#06#. Namba itatokea. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili, andikeni zote. Hesabuni tarakimu zifike 15. Daftari hilo liwekeni nyumbani, wala msiiandike namba hiyo ndani ya simu tu.

Sitaki kuwadanganya kwamba njia hii haina mipaka. Simu iliyozuiwa hapa huweza kutumika katika nchi isiyopata orodha yetu. Mwizi aweza kuivunja auze vipande. Wako pia mafundi wanaobadili namba ya chombo, na kufanya hivyo ni kosa la jinai katika Tanzania. Tena, kuzuiwa hakufuti picha na habari zilizomo. Basi ifungeni simu kwa namba ya siri, wala namba ya siri ya fedha msimwambie mtu.

Hata hivyo, simu isiyopigika ina bei ndogo. Wezi huiba kwa kuwa wako wanunuzi. Ukiuziwa simu njiani kwa bei ya kushangaza, bonyeza *#06# kwanza, uilinganishe namba na ile ya kwenye boksi. Udai na risiti. Muuzaji akikataa, shika njia yako. Ukinunua simu ya wizi, huenda ikazimika mkononi mwako, nawe ukaitwa polisi ueleze ulivyoipata.

Kazi ya nyumbani ni hii: kila mmoja akamsaidie jirani mmoja asiyejua kuandika. Mwandikie namba ya chombo chake katika karatasi, umsomee, naye aihifadhi. Simu ni yake, na kalamu ni yako.

Kwa herini, hadi somo lijalo.