Tijara ya Miwani na Mahali Faida Ilipojificha

Mnunuzi aingiaye duka la miwani katika mitaa ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hukuta fremu zimepangwa ukutani chini ya taa kali, kila moja na bei yake, akadhani kwamba hiyo ndiyo bidhaa anayouziwa. Ilhali kilicho na thamani zaidi katika duka lile ni ule muda mfupi atakaokaa kitini ndani ya chumba chenye giza, akibadilishiwa lenzi moja baada ya nyingine na kuulizwa ni ipi inayomwonyesha herufi sawasawa. Muda huo aghalabu hutozwa ada ndogo, au hautozwi kabisa, na gharama yake ikajumuishwa kimyakimya katika bei ya fremu, hata ikawa ujuzi hutolewa kama bahashishi na plastiki ikalipiwa kama ujuzi.

Tujue kwanza vitu hivi vyatoka wapi. Lenzi nyingi za leo si kioo tena bali ni utomvu mgumu wa plastiki, ambao asili yake ni utafiti wa Marekani wa miaka ya 1940, na sehemu kubwa ya lenzi na fremu hutoka China, ambako mji wa Danyang katika jimbo la Jiangsu umejengeka juu ya kazi ya lenzi, na Wenzhou ukajulikana kwa fremu. Juu ya wote limesimama shirika la EssilorLuxottica, lililozaliwa mwaka 2018 kwa kuungana kwa Essilor, mabingwa wa lenzi wa Ufaransa, na Luxottica, kampuni ya fremu ambayo Leonardo Del Vecchio aliianzisha mwaka 1961 katika mji mdogo wa Agordo, Italia. Nalo hutengeneza lenzi, hutengeneza fremu, humiliki majina kama Ray-Ban na Oakley, na fauka ya hayo humiliki maduka yenyewe.

Husemwa sana kwamba wenye maduka ni wanyonyaji, kwa kuwa fremu iliyotoka kiwandani kwa bei ya chini huuzwa mara nyingi zaidi ya bei hiyo. Sikubaliani na hukumu hiyo moja kwa moja. Mwenye duka hulipa kodi ya pango penye watu wengi, hununua mashine ya kupimia macho na ya kukatia kingo za lenzi, huajiri mpimaji aliyesoma, na mtaji wake hulala ukutani katika fremu zitakazopitwa na mtindo kabla hazijapata mteja. Lenzi za namba za kawaida anazo dukani, fundi akazikata na kuzitia katika fremu siku iyo hiyo baada ya kupima umbali kati ya mboni mbili. Lakini jicho lenye astigmatizimu kali, yaani lisilopinda sawasawa, au namba kubwa, sharti liagiziwe lenzi ya kusuguliwa mahsusi, na mteja asubiri. Kosa la milimita chache katika umbali ule laweza kumpa mtu maumivu ya kichwa, naye akailaumu miwani, au akailaumu presha yake ya damu.

Walakini liko fungu moja la wateja ambalo tijara hii imelipa kisogo. Mtu akifika makamo ya miaka 40 na kitu, lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa, na ya karibu humfifia: fundi cherehani hawezi kutunga uzi, sonara haoni mshono, mchaguaji wa mchele hakioni kijiwe. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria watu milioni 826 wenye hali hiyo wasiopata msaada, na msaada wenyewe ni miwani ya kusomea ya namba baina ya +1.00 na +3.50, rahisi kupita zote. Kule Assam, India, wachuma chai wa umri wa miaka 40 na zaidi walipopewa miwani hiyo, uchumaji wao ulipanda kwa takriban asilimia 22 kuliko wa wenzao wasiopewa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018. Na jaribio la Bangladesh, lililochapishwa mwaka 2024, likaona kipato cha waliopewa kikizidi kwa asilimia 33 katika muda wa miezi minane. Wenye mashamba ya chai ya Kericho na Mufindi wangefaa kuzisoma hesabu hizo kama wasomavyo bei za mnada.

Kwa nini basi bidhaa hiyo haipewi heshima dukani? Kwa sababu faida yake kwa jozi moja ni haba, na mpimaji ana heri kumhudumia mteja mmoja wa fremu ya jina kubwa kuliko kumi wa miwani ya kusomea. Kwa hiyo imeachiwa wamachinga, ambao Kariakoo huitembeza mkononi pamoja na mikanda na chaja za simu, mnunuzi akijipima mwenyewe kwa kusoma maandishi ya pakiti. Sitawadharau wamachinga, maana wamefika wasikofika wasomi. Ila lenzi zao zina namba moja kwa macho mawili, na hayupo pale wa kumtambua mwenye presha ya macho, ugonjwa unaokula mishipa bila maumivu.

Wapimaji wanafundishwa, Moshi katika hospitali ya KCMC na Kakamega katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, lakini wakihitimu huvutwa na miji, kwa kuwa ndiko ziliko mashine na mishahara. Mwenye duka atakayemtuma mmoja wao kwa wiki shambani au kwenye safu ya mafundi cherehani, akatoza ada ya kipimo waziwazi na kuuza miwani ya kusomea kwa faida ndogo, atapata mteja ambaye fremu ya fahari haimpatii, kwa kuwa namba hii hupanda na umri: aliyeanza na +1.00 akiwa na miaka 42 huenda akahitaji +2.00 akikaribia 55, na baina ya hapo atakuwa amerudi zaidi ya mara moja.