Werevu, Ujanja na Hila: Namna ya Kufasiri Neno 'Cunning'

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowatatanisha wafasiri ni 'cunning'. Kwa kawaida hufasiriwa 'ujanja', na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo moja haitoshi, na kwamba mbele ya mahakama yaweza kumtia lawamani mtu asiye na hatia.

Asili ya neno hilo ni kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kujua. Katika karne ya 14 lilitaja elimu na ustadi, bila lawama yoyote. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611, mafundi na mpiga kinubi husifiwa kwa neno hilo hilo. Polepole maana ya lawama ikaifunika ile ya sifa. Neno jirani, 'crafty', lilipita njia hiyo hiyo: mzizi wake ulikuwa na maana ya nguvu na ustadi, na kwa Kijerumani ndugu yake, 'Kraft', lingali lina maana ya nguvu. Yaelekea watu huanza kwa kumsifu ajuaye, kisha wakamshuku.

Kiswahili nacho kina ngazi zake. 'Werevu' una uhusiano na kitenzi 'erevuka', yaani kuacha ujinga. Methali isemayo "Mwerevu hajinyoi" haimlaumu mwerevu. Yamkumbusha tu kwamba naye ahitaji wenziwe. Hata hivyo, katika Biblia ya Kiswahili nyoka wa kitabu cha Mwanzo aitwa mwerevu, hali katika Injili ya Mathayo nyoka atolewa kuwa mfano wa busara. 'Ujanja' huegemea pande mbili: sungura wa hadithi hupendwa kwa ujanja wake kwa kuwa ni mnyonge mbele ya simba na fisi, lakini ujanja wa nyani huishia jangwani. 'Hila' ni neno la asili ya Kiarabu. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walijadili hila za kisheria, wakakubali baadhi na kukataa nyingine. Katika Kiswahili cha kawaida, lakini, hila ni njama ya kudhuru. 'Udanganyifu' si tabia bali ni tendo, nalo huhitaji kuthibitishwa.

Umuhimu wa ngazi hizi waonekana wazi katika wilaya za Mbulu na Hanang. Huko Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, na Kidatooga, ambacho ni cha Kinailoti, hukutana na lugha za Kibantu na Kihadza. Kiswahili ndicho daraja baina ya wote. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama. Kabla ya hapo kumbukumbu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Hivyo Kiswahili hupokea ushahidi wa lugha za nyumbani kwa upande mmoja, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza kwa upande wa pili.

Tuchukue mfano. Mzee aeleza kwamba jirani yake alisubiri bei ipande, ndipo akauza fahali wake mnadani Katesh. Mkalimani akisema "ni mjanja", msikilizaji aweza kudhani mnunuzi alipunjwa, ilhali mzee alikuwa akisifu. Kinyume chake, jirani akiwa aliuza ng'ombe mgonjwa huku akiapa kuwa ni mzima, neno 'ujanja' litalipunguza uzito tendo ambalo huenda likawa kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu chini ya Kanuni ya Adhabu. Katika mashauri ya ardhi hatari ni kubwa zaidi. Wanakijiji wa Mulbadaw walipolishtaki Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula mwaka 1981 kwa ajili ya ardhi ya mashamba ya ngano, shauri lao lilifika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1985, nao wakashindwa. Mambo mazito kama hayo hayafai kuachiwa neno lenye maana mbili.

Kwa hiyo mfasiri hana budi kujiuliza maswali matatu. Je, msemaji anasifu au analaumu? Je, ametaja tabia au tendo? Je, kuna mtu aliyeambiwa uongo? Akisifu, 'werevu' au 'ustadi' watosha. Akilaumu tabia, 'ujanja' wafaa. Akitaja njama, 'hila'. 'Udanganyifu' na utumike pale tu uongo wenyewe ulipotajwa. Na msemaji asipoeleweka, mkalimani aombe ruhusa ya kumwuliza tena, kwani neno likisha kuandikwa katika kumbukumbu, si rahisi kulirudisha.