Ini la marehemu: wanajuaje kama linafaa kupandikizwa?

Ukienda buchani kununua maini, unafanya nini? Unaangalia rangi. Muuzaji akikuruhusu, unabonyeza kidogo kwa kidole. Ukiliona lina wekundu wa kahawia, laini, kingo zake nyembamba, unamwambia nipimie hilo. Sasa usishangae nikikuambia kwamba daktari wa upasuaji anayetumwa kwenda kuchukua ini la marehemu ili apandikizwe mgonjwa mwingine, naye kwa miaka mingi amefanya karibu hivyohivyo. Anaangalia, anabonyeza, anaamua.

Simdharau. Kabla hajafika mezani anakuwa ameshasoma faili: umri wa mtoaji, kilichomuua, siku alizokaa chumba cha wagonjwa mahututi, homa ya ini aina ya B na C, vimeng'enya vya ini kwenye damu. Nilipoanza kusoma mambo haya nilidhani vimeng'enya ndiyo kila kitu. Kumbe wala. Vinaweza kupanda kwa sababu moyo ulisimama dakika chache kisha ukarudi, na baada ya siku mbili vikaanza kushuka vyenyewe. Ini kama hilo linaweza kuwa zuri tu.

Tatizo ni kwamba kosa linaua pande zote mbili. Daktari akilikubali ini bovu, linaweza kukataa kabisa kufanya kazi baada ya kupandikizwa, na mgonjwa asipopata lingine ndani ya siku chache anafariki. Akilikataa zima, kuna mtu kwenye foleni ambaye huenda hatafika kwenye simu inayofuata. Huyu wa pili hakuna anayemwona, kwa hiyo ni rahisi kumsahau.

Chukua suala la mafuta. Ini lenye mafuta mengi huwa la manjano na kingo zake zimevimba, butu. Matone makubwa ya mafuta yanajaza seli mpaka zinabana mishipa midogo ya damu inayopita katikati yake. Ini la hivyo likipozwa kisha damu ya moto ikarudi ghafla, linaumia kuliko ini jembamba. Ndiyo maana seli zenye matone makubwa zikizidi asilimia 30 madaktari wanaanza kusita, na zikizidi 60 vituo vingi husema hapana. Lakini nani anahesabu? Mara nyingi ni mtaalamu aliyeamshwa usiku, anaangalia kwa hadubini kipande chembamba kilichotolewa kwenye kiungo cha kilo moja na nusu. Mwenzake akiangalia kipande hichohicho anaweza kutaja asilimia nyingine.

Halafu kuna namna mtoaji alivyofariki. Kama ubongo ndio uliokufa, moyo wake unaendelea kudunda kwa msaada wa mashine ya kupumulia, na ini linapata oksijeni hadi dakika ya kupozwa. Kama moyo ndio uliosimama, kuna dakika kadhaa ini linakaa na joto la mwili bila oksijeni. Wa kwanza kuumia vibaya ni mirija ya nyongo. Seli za ini zina njia mbili za damu, yaani ateri na ule mshipa mkubwa unaotoka utumboni, lakini mirija hiyo inategemea ateri peke yake. Na ubaya wake hauonekani siku hiyo. Unajitokeza miezi baadaye, mirija ikisinyaa na mgonjwa akigeuka manjano upya.

Baada ya hapo ini huwekwa kwenye barafu, nyuzi joto kama 4 hivi. Kazi za seli zinashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Hii inaokoa muda, lakini ini limelala, hulihoji likakujibu. Hata wewe ukinunua gari lililotumika utataka injini iwashwe kwanza, si ndiyo?

Kuliwasha ndiko walikojaribu Birmingham, Uingereza. Walichukua maini 31 ambayo vituo vyote vya upandikizaji nchini humo vilikuwa vimeyakataa, wakayaunganisha na mashine inayosukuma damu yenye oksijeni kwa nyuzi joto 37. Likishapata joto, ini linaanza kazi palepale kwenye boksi. Linatumia sukari, linatoa nyongo, linasafisha lakteti, ile taka inayojaa seli zikikosa oksijeni. Sharti lao kuu lilikuwa lakteti ishuke hadi 2.5 au chini ndani ya saa nne, pamoja na dalili nyingine kama damu kupita vizuri na nyongo kutoka. Maini 22 yakafaulu. Yakapandikizwa, na siku 90 baadaye wagonjwa wote 22 walikuwa hai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Fikiria: maini 22 ambayo yasingetumika kabisa.

Ila usiishie hapo kusoma, maana wengi wanaosimulia utafiti huu huishia hapo. Wagonjwa 4 kati ya hao 22 baadaye mirija yao ya nyongo ilisinyaa, wakahitaji ini jingine. Mtihani wa lakteti ulikuwa umewauliza wafanyakazi wa kiwanda, ukasahau mabomba. Seli za ini zilikuwa zima kweli, ila mirija haikuwa nzima.

Kwa hiyo sasa watafiti wanaihoji nyongo yenyewe. Mirija yenye afya haipitishi tu nyongo, inaibadilisha njiani: inaongeza baikaboneti, na inafyonza sukari iliyomo. Kwa maana hiyo nyongo nzuri si ile nyingi au yenye rangi ya kupendeza, ni ile yenye alkali zaidi na sukari kidogo kuliko damu inayozunguka kwenye mashine. Ikitoka na sukari ileile ya damu, utando wa ndani wa mirija huenda umeshakufa. Kipimo chake hakihitaji maabara kubwa. Wanakinga matone machache kwenye kijirija cha plastiki, wanayaingiza kwenye kile kimashine cha kupima gesi za damu ambacho chumba cha wagonjwa mahututi tayari kinacho, na jibu linatoka ndani ya dakika chache, ini likiwa bado linazungushiwa damu pembeni.